MAONI: Vijana wa video, tuache kununua taa tukasahau diski

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa bado kitandani. Ilikuwa ya mama mmoja wa Nyeri ambaye nilikuwa nimerekodi ruracio ya bintiye miezi minne awali. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, guka ametuacha. Ile video alipokuwa akibariki watoto, tunaiomba tuionyeshe siku ya mazishi. Ile ndefu, si ile fupi uliyotutumia."

Ile fupi ilikuwa ya dakika sita, muziki juu, guka akionekana kwa sekunde kama kumi hivi akiinua mkono. Ile ndefu ilikuwa dakika 22 za mzee akiongea, akicheka, akiwataja wajukuu wake kwa majina mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja, chumbani kwangu. Na kompyuta hiyo ilikuwa imeungua wiki tatu kabla ya simu kuingia.

Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni sawa, mwanangu." Afadhali angenigombeza.

Nasimulia haya kwa sababu najua siko peke yangu. Mtaani kuna vijana kibao wanaopata riziki kwa kamera: harusi, ruracio, mazishi ya kupeperushwa moja kwa moja mtandaoni, nyimbo za wasanii wachanga, video za makanisa. Na karibu kila mmoja akishapata pesa kidogo huwaza jambo moja: kujijengea mashine yake mwenyewe. Ni wazo zuri sana. Shida ni namna tunavyochagua vifaa vyenyewe.

Nikuonyeshe hesabu yangu ya wakati huo, unicheke ukitaka. Kadi ya picha ilinigharimu zaidi ya Sh45,000. Kasha la kioo lenye feni za taa za rangi rangi, Sh6,000. Pawa saplai, yaani kile kifaa kinachogawa stima kwa mashine yote, Sh2,500. Ilikuwa imebandikwa wati 600 lakini uzito wake ulikuwa kama wa mkate. Diski ya kuhifadhia kazi sikununua kabisa, nilitoa ya kompyuta ya zamani. UPS nilisema nitanunua mwezi ujao.

Usiku mmoja niliacha mashine ikirenda video. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi tena kwa nguvu. Nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika. Fundi alipofungua alikuta pawa saplai imekufa na imeondoka na madabodi pamoja na diski. Kadi ya Sh45,000 ilikuwa nzima. Taa za feni pia zilikuwa nzima.

Msimamo wangu tangu siku hiyo ni huu: kijana anayejijengea kompyuta ya kuhariri video, na anayetaka pia itunze kazi za wateja kama seva, aanze na diski na stima. Kadi ya picha iwe ya mwisho. Na akiweza, kazi hizo mbili asizibebeshe mashine moja.

Najua hapo nimeshawaudhi wengi. Ukienda Moi Avenue au Luthuli na kusema unataka mashine ya video, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Bosi, unataka kadi gani?" Hata vikundi vya marafiki hupimana kwa kadi. Hakuna anayejigamba kwamba ana diski mbili na UPS. Lakini tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika.

Kwanza, video yako ni ya aina gani? Kamera nyingi za kisasa hurekodi kwa mfumo wa H.265, na zile za bei ya juu kidogo hurekodi kwa rangi za biti 10 za 4:2:2. Video hiyo imebanwa sana ili itoshe kwenye kadi ya kamera, na kuibanua wakati wa kuhariri ndiko kunakofanya mashine ikwamekwame. Watu wengi hudhani kukwama huko ni kwa sababu kadi ni dhaifu. Mara nyingi sivyo. Kadi nyingi zilizoko sokoni, hasa zilizotumika, hazina sehemu ya kubanua video ya 4:2:2. Za NVIDIA zilianza kuwa nayo kwa familia ya RTX 50. Ilhali prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, huibanua H.265 ya aina hiyo bila jasho.

Kwa hivyo, prosesa ya kawaida ya i5 ya kizazi cha 12 inaweza kukupa raha kwenye taimlaini kuliko kadi ya pesa nyingi. Chunga tu herufi moja: ukiona F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel, hiyo haina grafiki ya ndani. Huuzwa nafuu kidogo, na wengi hukimbilia hapo bila kujua wameacha kile kitu hasa walichokihitaji.

Mtego mwingine ni Xeon. Kuna mashine kubwa za kazi zinazoingia nchini zikiwa zimetumika Ulaya, kama vile HP Z440 na Dell Precision T5810. Zina prosesa za Xeon zenye koa nyingi, RAM ya kutosha, na bei inayokufanya utabasamu. Ni mashine imara, sikatai. Lakini hizo Xeon E5 hazina grafiki ya ndani, kwa hivyo video ya H.265 itazisumbua, na zinakula stima. Pawa saplai ya Z440 pia si ya kawaida. Ikiharibika, usidhani utaingia duka lolote ununue nyingine siku hiyo hiyo.

Kuhusu RAM nitakuwa mfupi. GB16 ndicho kiwango cha chini kwa programu kama DaVinci Resolve, na GB32 ndiyo itakayokuondolea mawazo. Bei imepanda tangu mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zake kwa vituo vya akili unde. Kwa hivyo nunua kijiti kimoja cha GB16 sasa kwenye madabodi yenye nafasi ya kuongeza, badala ya vijiti viwili vya GB8 utakavyovitupa baadaye.

Sasa tuje kwenye diski, maana hapa ndipo roho ya kazi ilipo. Tufanye hesabu rahisi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB45 kwa saa. Harusi yenye kamera tatu, kila moja ikirekodi saa tano, ni GB675. Hiyo ni harusi moja tu, Jumamosi moja. Ukifanya mbili kwa mwezi, kwa mwaka mmoja unazungumzia zaidi ya terabaiti 16. Halafu unaingia dukani unanunua SSD ya GB512 na kadi ya bei ya pikipiki nusu! Mwishowe unajikuta ukifuta kazi ya mteja wa mwezi uliopita ili upate nafasi ya mteja wa leo.

Mpangilio ninaoupendekeza una ngazi mbili. Kazi unayoihariri sasa iwe kwenye SSD ya NVMe ya terabaiti moja, kwa sababu hiyo husoma maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Kazi zilizokamilika na video mbichi ziende kwenye diski kubwa za kawaida zinazozunguka, ambazo ni polepole lakini bei yake kwa kila terabaiti ni ya chini zaidi. Diski hizo zisipungue mbili, zikibeba kitu kilekile.

Na uangalie aina ya diski. Kuna zinazoitwa CMR na zinazoitwa SMR. Hizi za pili hupanga data kwa kulaliana kama mabati ya paa, na ukizijaza kisha ukaanza kuandika upya huwa nzito ajabu. Hata kampuni kubwa imewahi kulaumiwa: mwaka wa 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuambiwa wazi. Soma namba ya modeli, uitafute mtandaoni kabla ya kutoa pesa.

Diski iliyotumika je? Mimi nimewahi kuuziwa moja "mpya kabisa", imefungwa kwa plastiki vizuri. Nilipofika nyumbani nikaifungua kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ilionyesha saa 26,000. Hiyo ni karibu miaka mitatu ya kufanya kazi usiku na mchana. Nilirudi dukani nikaambiwa risiti haina stempu. Tangu hapo sitoi pesa kabla diski haijachomekwa mbele yangu nikaona saa zake. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekujibu.

Baada ya diski, stima. Sihitaji kumweleza Mkenya habari za stima kupotea. Sote tunakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima. Lakini kinachoua mashine zetu aghalabu ni hizi za kila wiki, zinazopotea na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Pawa saplai nzuri ina kinga za ndani za kukata umeme unapozidi. Ya bei ya kutupa ina kibandiko tu. Tafuta yenye alama ya 80 Plus na jina la kampuni inayojulikana, ila ujue alama hiyo hupima inavyotumia stima bila kupoteza, haihakikishi kila kitu. Waranti ya miaka mitano kwenda juu inakuambia mengi kuliko namba kubwa ya wati. Na wati usizidishe: mashine nyingi za video zenye kadi ya wastani zinatosheka na 550 hadi 650 za kweli.

UPS nayo si anasa. Ndogo ya VA 650 haitakupa saa nzima ya kuendelea na kazi, na hiyo si kazi yake. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Chomeka ile kebo yake ya USB kwenye kompyuta ili mashine ijizime yenyewe ukiwa hujui, umelala au umeenda dukani kununua mkate. Wengi hununua UPS, kebo hiyo wakaiacha kwenye boksi.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la mashine moja au mbili. Rafiki yangu mmoja alinibishia hivi: "Si uweke diski zote ndani ya mashine moja yenye nguvu, iwe ya kuhariri na iwe seva? Ni rahisi na ni kompyuta moja ya kutunza." Kwa siku ya kununua, yuko sawa. Lakini seva huwashwa saa 24. Mashine ya kuhariri hata ikikaa bure inaweza kuvuta wati 80. Kwa mwezi hizo ni uniti kama 58. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika huvuta kama wati 20 ikiwa imetulia, ambazo ni uniti kama 14. Tukichukulia Sh25 kwa uniti, tofauti ni zaidi ya Sh1,000 kila mwezi, na kwa mwaka inakaribia Sh13,000. Isitoshe, nyumba ikipita uniti 30 kwa mwezi hutolewa kwenye kundi la bei nafuu, kwa hivyo mashine moja iliyoachwa wazi inaweza kupandisha bei ya hata balbu yako ya jikoni.

Jambo la pili ni usalama. Mashine ya kuhariri ndiyo unayoifungua, unayoijaribia programu za ajabu ajabu, unayoibebea hadi kwa mteja. Mahali unapohangaika si mahali pa kuweka kumbukumbu za watu. Yangu ilipoungua, iliungua na kila kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa humo.

Na bahati nzuri ni kwamba hii ya pili si ghali. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Ofisi nyingi zinazitoa kompyuta zao za kizazi cha 6 na 7 ambazo bado ni nzima kabisa. Kwa seva ya nyumbani hazina tatizo lolote, kwa sababu utaweka Linux au OpenMediaVault, ambazo ni bure. Chagua lenye kasha refu, si lile jembamba, kwa sababu jembamba aghalabu lina nafasi ya diski moja tu kubwa. Weka diski zako mbili humo, uiunganishe na rauta kwa kebo, si kwa wifi. Kebo ya gigabiti hupitisha zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, na video yetu ya 4K inahitaji 12 na nusu tu. Unaweza hata kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye seva.

Lakini tusidanganyane: diski mbili ndani ya kasha moja si bakapu. Mwizi akiingia anabeba kasha. Moto hauchagui diski. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema nakala tatu, aina mbili za vifaa, na moja ikae mahali pengine. Wengine watasema, weka kwenye wingu. Sawa, lakini piga hesabu: GB500 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde zitachukua zaidi ya saa 110 bila kupumzika. Hizo ni karibu siku tano kwa kazi ya wikendi moja. Mimi na mwenzangu wa Kikuyu tumepata njia yetu. Yeye anakaa na diski yangu ya nje, mimi nakaa na yake, zote zimefungwa kwa nywila. Kila mwisho wa mwezi tunakutana, tunakunywa chai, tunabadilishana. Gharama yake ni nauli ya matatu.

Kadi ya picha je? Inunue, ila iwe baada ya haya yote. Kama unafanya rangi nzito kwenye Resolve au michoro inayosonga, utaihitaji kwelikweli, na hapo tafuta yenye GB8 za kumbukumbu au zaidi. Lakini mashine inaweza kuanza kazi kwa grafiki ya ndani ya prosesa, ikakuingizia pesa, kisha kadi ikafuata. Diski haiwezi kufuata. Video iliyopotea hairudi ukipata pesa.

Nikiulizwa nigawe Sh100 za bajeti, ningegawa hivi: Sh30 diski na bakapu, Sh15 pawa saplai na UPS, Sh35 prosesa, madabodi na RAM, na Sh20 kadi ya picha, tena kama zimebaki. Kasha liwe la bati lenye hewa ya kutosha. Mteja haoni taa zako.

Kuna watakaosema nataka makuu, kwamba kijana anayeanza hana hata hizo Sh100 za kugawa. Nawaelewa, nilikuwa hapo. Kwa huyo nasema, usijenge bado. Nunua kompyuta moja ya ofisi iliyotumika, yenye i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, na diski mbili za nje. Hariri kwa nakala ndogo za video, zile proksi, zinaenda hata kwenye mashine ya kawaida. Kama kazi yako ni ya kuzunguka, laptopu ni jibu sahihi pia. Diski mbili ndizo zisizojadiliwa.

Tena tukumbuke hizi si video zetu peke yetu. Mtu anapokulipa umrekodi baba yake, amekuachia kitu ambacho hana kwingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatudai tutunze taarifa za watu tunazoshika. Lakini hata sheria isingekuwepo, mteja anatarajia kwamba tuna akili ya kutosha kuwa na nakala ya pili. Mwandikie kwenye mkataba utahifadhi video mbichi kwa muda gani, miezi sita au mwaka, kisha uheshimu hilo. Muda ukiisha mpigie kabla ya kufuta.

Mazishi ya guka yalifanyika Ijumaa. Nilienda na kamera, sikutoza pesa. Walicheza ile fupi ya dakika sita kwenye ukuta wa hema, na ilipofika pale alipoinua mkono, mjukuu mmoja mdogo akasema kwa sauti, "Rudisha." Wakarudisha mara tatu. Zilikuwa sekunde kumi tu.

Video ya siku hiyo ninayo. Iko kwenye seva, iko kwenye diski ya pili, na iko Kikuyu.